Fisi Maji: Sijaona

Mume wangu alisoma mita za maji miaka thelathini na mmoja, na kama mnadhani alistaafu, poleni. Walimvua sare, wakachukua funguo za ofisi, wakampa saa ya ukutani isiyotembea na kumshika mkono. Kusoma hakuacha. Alibadilisha tu cha kusoma. Siku hizi anasoma ndege, mijusi, vipepeo na kila kiumbe kinachopita mtaani kwetu bila kubisha hodi.

Majirani wanamwita Bwana Mita. Mimi namwita Mzee, na nikikasirika namwita Idara. Idara ya maji ilipoleta mashine za mkononi, vile vitabu vya kusomea mita vilitupwa nje, naye akabeba katoni nne akanijia nazo nyumbani. Wanaume wengine hurudi na kitenge. Wangu alirudi na karatasi. Katoni ziko chini ya kitanda chetu mpaka leo, na mimi nikidondosha sindano ikaviringika huko, ndiyo nimeiaga.

Kila ukurasa una safu nne: Namba ya Nyumba, Kilichosomwa Mwanzo, Kilichosomwa Sasa, Maelezo. Na kila ukurasa umepigwa muhuri wa buluu: MAJI. Basi utakuta ameandika: "Namba 9, juu ya tangi. Mwanzo: kozi mmoja. Sasa: kozi wawili. Maelezo: wanapendana au wanagombana, bado haijaeleweka." Au: "Namba 22, kwenye cherehani ya mke wangu. Mwanzo: mjusi mwenye mkia. Sasa: mjusi asiye na mkia. Maelezo: mke wangu anasema hakufanya kusudi." Sikufanya kusudi. Alikaa kwenye kanyagio.

Lazima niwaeleze sheria zake mbili, maana bila hizo hamtaelewa aibu iliyonipata. Ya kwanza ni ya kazini. Ukikuta geti limefungwa au mbwa amefunguliwa, unakadiria mita kwa penseli. Wino ni wa tarakimu uliyoiona kwa jicho lako mwenyewe. Wenzake walikuwa wakikaa kibandani na chai, wanasoma mtaa mzima kwa wino bila kuinua mguu. Yeye hapana. Ana kovu kwenye shavu la mguu, zawadi ya mbwa wa namba 17, na mita ya namba 17 siku hiyo iliandikwa kwa wino.

Sheria ya pili aliitunga mwenyewe: kitabuni hakuna kuandika "hakuna."

"Mtu mmoja mwenye macho mawili ataandikaje hakuna?" aliniambia. "Anaandika sijaona."

"Na tofauti yake nini?"

"Hakuna inafunga mlango kwa komeo. Sijaona inauegesha tu."

Nilicheka mpaka uzi ukanikatikia. Tangu siku hiyo, nikimwuliza kama amenunua sabuni akajibu "sijanunua," namwambia huo ni uvivu uliojificha nyuma ya sarufi.

Sasa, mwisho wa mtaa wetu, nyuma ya namba 31, kuna kijito chenye matete. Watu hukijua kwa mbu tu. Alasiri moja Mzee alirudi kutoka huko macho yakimng'aa, akaniwekea kitu mezani, karibu kabisa na chai yangu. Kilikuwa kinyesi, na alikuwa amekibeba kwenye kifuniko cha mkebe wangu wa vifungo.

"Nusa," akasema.

"Wewe Idara, una wazimu?"

"Nusa tu, mama. Kinanuka samaki."

Mungu anisamehe, nikanusa. Kweli kilinuka samaki. Ndani yake mlikuwa na vipande vyekundu, nikavisogeza kwa sindano kuukuu, nikaona ni magamba ya kaa. Sijui ni nini kilichonipata, lakini chai ilipoa nikiwa nimeinamia kinyesi.

"Fisi maji," akaninong'oneza, kana kwamba mnyama yuko chini ya meza.

Niliruka. "Fisi!"

"Si fisi! Hana undugu na fisi hata wa kuazima. Ni mnyama wa mtoni, mrefu, ana masharubu, anakula kaa na samaki. Nyayo zake ziko matopeni, kama viganja vya mtoto."

"Sasa kwa nini aitwe fisi?"

"Waulize waliomwita."

Akaandika: Namba 31, kijitoni. Fisi maji: sijaona. Maelezo: nyayo mpya, kinyesi kipya. Kuanzia siku hiyo sikuwa na mume, nilikuwa na mpangaji anayekuja kula.

Balaa lililetwa na kamati ya mtaa. Mwenyekiti wetu ni mwalimu wa udereva, na anaongea na kila mtu kana kwamba amemshikisha usukani: "Taratibu! Tazama kioo! Sasa sema!" Alipata wazo la kutangaza kwenye kundi la simu la mtaa orodha ya wanyama wetu, ili watu wajivunie wanapoishi. Wazo si baya. Akamtuma Katibu achukue kitabu cha Mzee anakili. Katibu ni msusi. Vidole vyake ni vyepesi kuliko macho yake, na alinakili akiwa kati ya kichwa kimoja na kingine. Ile safu ni nyembamba, basi neno "fisi" lilikaa juu na "maji" likaangukia chini, ubavuni mwa muhuri. Neno "sijaona" akaliruka, akaandika: "Namba 31, kijitoni: FISI. Nyayo mpya. Kinyesi kipya."

Alipoulizwa baadaye, alijibu bila haya: "Neno maji limepigwa muhuri kila ukurasa! Nikajua ni ya idara."

Lo! Mngeona mtaa wetu siku hiyo. Chekechea ilifungwa saa nne asubuhi. Mlinzi wa namba 3 alipanda juu ya geti alilotakiwa kulilinda. Mama mmoja alileta gauni nilipunguze, akaliacha na kiatu kimoja. Mzee akapita nyumba kwa nyumba, kama enzi zake za mita, akieleza. Hakuna aliyemsikiliza.

"Bwana Mita," akamwambia mwenye bucha, "fisi ni fisi. Awe wa maji, awe wa moto."

"Hajaonekana hata fisi mmoja!"

"Lisemwalo lipo."

Jioni Mwenyekiti akatangaza: Jumamosi linakuja katapila, matete yote yang'olewe, kijito kinyooshwe, na yeyote mwenye neno aje kwenye mkutano kesho.

Nilimkuta Mzee kitandani amekaa na kiatu kimoja mguuni. Mtu huyu alipostaafu hakutoa chozi. Alipozika kaka yake alilia siku moja, akarudi kazini. Sasa alikuwa anaangalia kile kiatu kingine kana kwamba hajui kinavaliwaje.

"Wakiyang'oa matete ataondoka," akasema. "Ataondoka kabla sijamwona. Na aliyemfukuza ni mimi. Kwa kitabu changu."

Nikakiokota kile kiatu, nikakifuta matope kwa kanga.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la chekechea. Watu wazima tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Mzee akasimama na kitabu chake, akaeleza vizuri kabisa: nyayo, kinyesi, magamba ya kaa, mnyama asiyedhuru mtu. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Ndipo Mwenyekiti akauliza.

"Taratibu, Mzee. Huyu mnyama, umemwona kwa macho yako?"

Moyoni nikamwambia: sema ndiyo. Sema ndiyo, mume wangu, neno moja tu.

"Sijamwona."

Darasa lote likaangua kicheko. Mwenye bucha alicheka mpaka kiti chake kikavunjika mguu. "Hujamwona, na unajua anakula nini!"

"Sijamwona si kwamba hayupo," akasema Mzee. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Hapo damu ikanipanda. Miaka yote ile ya ndoa mimi ndiye mwenye haki ya kumcheka mwanamume huyu. Hakuna mwingine aliyepewa leseni. Nikasimama, nikasikia mdomo wangu ukisema: "Mimi nimemwona."

Vile viti vidogo vikalia, watu wote wakanigeukia.

"Lini, mama?" akauliza Mwenyekiti.

"Juzi. Asubuhi. Nilikwenda kumwita huyu aje anywe chai."

Walinitazama. Mimi ni fundi wa nguo zao, nazijua nyonga za mtaa mzima na sijawahi kumtaja mtu. Wakaniamini. Baada ya kunong'onezana, kamati ikatoa siku kumi na nne. Tukileta ushahidi zaidi kabla ya hapo, matete yatabaki. Tusipoleta, katapila.

Njiani Mzee alitangulia. Tulipofika akaketi mezani, akafungua kitabu, akanigeukia.

"Rangi?"

"Nyeusi."

"Masikio?"

"Yamesimama. Marefu kidogo."

"Mkia?"

"Upo."

Akanitazama kidogo, akanipa mgongo, akaandika. Niliisikia kalamu ikikwaruza karatasi, nikaenda jikoni kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa. Kovu la mbwa, miaka thelathini na mmoja bila tarakimu ya kubuni, na leo uongo wangu umo kitabuni. Sikuthubutu kuuangalia ukurasa ule.

Njia ya mwongo ni fupi, wamesema wenyewe, na yangu ilikuwa na urefu wa siku kumi na nne. Nikaona dawa ni moja: nimwone huyo mnyama, ili uongo wangu uwe tu umetangulia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kesho yake alfajiri ilipopambazuka nikachukua kigoda, kikapu cha kazi za mkono na mashati ya kutoboa matundu ya vifungo, nikaenda kijitoni. Mzee saa hizo hawezi kuwa huko. Yeye asubuhi huanza namba 1 na kushuka nyumba moja moja, na njia yake haipindi hata nyumba ikiungua. Kijitoni hufika mchana.

Siku ya kwanza niliona mbu. Siku ya pili niliona mbu na chupa. Siku ya tatu kuna kindege kikaja kwenye jiwe, cheusi na cheupe, kinatikisa mkia juu chini, juu chini, kama mtu anayepima kama mashine inahitaji mafuta. Nikasahau sindano. Kinatikisa kwa nini? Kinamwita mwenzake, au ndivyo kilivyo? Mchana nikajifanya namwuliza Mzee tu, kwa kupitisha muda.

"Huyo ni kitwitwi," akasema. "Anatikisa kwa nini, wataalamu wenyewe wanabishana."

"Wabishane wao. Mimi nataka kujua."

Alinitazama kwa jicho moja. Kufika siku ya saba nilishajua kwamba mdiria, yule ndege mvuvi, hukaa tawi lile lile na hukasirika akikuta limekaliwa. Niliwajua kereng'ende wekundu na wa buluu. Nilijua kaa hutoka shimoni kwa ubavu na kurudi kwa ubavu mwingine. Mashati matatu nilitoboa matundu upande wa kike, ikabidi nifumue. Nyumbani nilikuwa na maswali mpaka chakula kikapoa. Mzee alinijibu yote, na aliyoshindwa alisema "sijajua." Nilikuwa na furaha, nasema kweli, kisha nikikumbuka kilichonipeleka kule, furaha inanitoka.

Siku ya kumi na moja, jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa matete. Nilisikia mluzi mfupi. Kisha mapovu yakapanda majini, yakasafiri kwa mstari kuja upande wangu. Nikashika pumzi. Kichwa kikatoka.

Masalale! Masharubu meupe, shingo nyeupe kama amevaa bibu. Akapanda jiwe la kitwitwi, mrefu kama mkono wangu na nusu, mkia mnene, rangi ya chai isiyo na maziwa mengi. Alikuwa na kaa. Akamshika kwa mikono miwili, mikono kabisa, yenye vidole, akamtafuna kama mtu anayekula hindi la kuchoma. Nilimsikia akivunja magamba. Akanitazama. Mimi na yeye tukatazamana, yeye anatafuna, mimi nina sindano hewani. Simu nilikuwa nimeiacha juu ya cherehani. Akamaliza, akaosha uso wake, naapa, akaosha uso, akateleza majini bila kishindo.

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, viatu mkononi, nakatisha mtaa mzima, mpaka nikamkuta Mzee namba 6 akihesabu viota vya mbayuwayu.

"Nimemwona!"

"Nani?"

"Fisi maji!"

"Si ulishamwona?" akauliza kwa upole.

Pale pale barabarani nikalia. "Nilidanganya, Mzee. Siku ile sikumwona. Walikucheka, nikashindwa kuvumilia. Nimekuchafulia kitabu chako. Lakini leo nimemwona, haki ya Mungu nimemwona, na hakuna atakayeniamini."

Hakunifokea wala hakunibembeleza. Alifungua kitabu ukurasa mpya.

"Rangi?"

"Kahawia. Shingo nyeupe."

"Masikio?"

"Madogo! Madogo kabisa, kama vifungo vya shati."

"Anakulaje?"

Nikamwonyesha kwa mikono yangu miwili. Akanitazama nikitafuna hewa mbele ya geti la watu, midomo yake ikaanza kutetemeka, sikujua ni kicheko au ni nini. Kisha akachomoa kalamu ya wino mfukoni akanipa. Hajawahi kumpa mtu kalamu ile. Nikaandika mwenyewe, mwandiko unapanda na kushuka: Namba 31, kijitoni. Fisi maji: mmoja. Nimemwona.

Siku ya kumi na nne tulirudi kwenye vile viti vidogo. Katapila lilikuwa limeshaegeshwa nje. Usiku mzima nilikuwa nimejishauri, nikaona afadhali nife kwa ukweli. Nikasimama nikasema yote: ule wa kwanza ulikuwa uongo, na huu wa pili ni kweli.

Kelele zikaanza. Mwenye bucha akapiga meza. "Mke anadanganya, mume anaandika! Kitabu chote ni hadithi!"

"Taratibu! Breki!" akapaza sauti Mwenyekiti. Kisha akamgeukia Mzee, na kwa kweli alimwonea huruma. "Bwana Mita, tufanyeje? Uongo umeingia kwenye kitabu chako."

Mzee akainuka, akavuka darasa, akampa Katibu kitabu. "Soma ukurasa wa siku ya mkutano ule. Soma kila neno, binti yangu. Safari hii usiruke hata moja."

Katibu akaona haya, akainamia ukurasa. "Hapa kuna mstari wa... huu umeandikwa kwa penseli. Mingine yote ni wino."

"Soma."

"Namba 31, kijitoni. Fisi maji: mmoja. Maelezo..." Akaniangalia, akarudi kitabuni. "Maelezo: Aliyesema ni mke wangu. Hajaona."

Penseli. Siku zote zile nilizokwepa ukurasa ule, yeye alikuwa ameshajua. Masikio marefu yalinisaliti dakika ile ile, na mwanamume yule alinipa mgongo akachukua penseli. Wala hakuandika kwamba nimedanganya. Hakuandika "hakuona," akanifungia mlango. Aliandika hajaona. Nilijifunika uso na kanga nikalia mbele ya watu, na sijali.

Mlinzi wa namba 3 ndiye aliyeanza. "Mtu huyu hakumwandikia kwa wino hata mke wake," akasema. "Hata mke wake, jamani!"

"Na ile ya pili?" akauliza Mwenyekiti.

Katibu akafunua kurasa. "Wino," akasema. "Mwandiko mbaya, lakini ni wino."

Mwenyekiti akatoka nje, tukasikia injini ya katapila ikiwashwa. Lilikwenda kusawazisha lile shimo la mbele ya namba 12 ambalo limevunja rejeta za watu miaka miwili. Matete yalibaki. Jumamosi iliyofuata tulitoa chupa na mifuko kijitoni, mwenye bucha akiwa mbele, anauliza kila dakika kama fisi maji anakula utumbo wa ng'ombe.

Tangu hapo nimemwona mara nne. Katibu amemwona mara moja, akampiga picha ya mkia. Mzee amebadilisha njia yake, jambo ambalo sikutegemea kuliona kabla sijazikwa: sasa asubuhi huanzia namba 31. Tunakaa wawili, mimi na vifungo vyangu, yeye na kitabu, na kila akiinama kufunga kamba ya kiatu, mnyama hutoka. Akiinuka, maji yametulia. Mie nacheka mpaka naumwa mbavu.

Jana alinipa kitabu nimshikie, nikasoma ukurasa. Mstari wangu ni wa wino. Chini yake kuna wake, wa wino pia: Fisi maji. Mimi: sijaona.